Kutuliza Darubini ya Kujitengenezea Penye Upepo

Darubini ya kioo cha sentimita 20, iliyoundwa kwa plaiwudi na fundi wa mtaani, inatosha kuonesha mikanda ya Mshtarii na pete za Zohali. Sharti lake ni itulie, na Unguja na Pemba kutulia ndiko kugumu. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, wa kaskazi hushika Disemba hadi Machi, na ile miezi ya tanga mbili ambayo bahari hulala ndiyo miezi ya masika na vuli, wingu juu ya wingu. Anayesubiri usiku usio na upepo atajikuta anasubiri chini ya mvua. Cha kurekebisha, basi, ni darubini yenyewe na mahali inaposimama.

Maelezo haya yanahusu muundo ulioenezwa na John Dobson huko San Francisco, Marekani, miaka ya 1960, kwa sababu ndio rahisi kuujenga. Una bomba lenye kioo kikuu chini, miduara miwili ya mbao iliyofungwa pembeni mwa bomba, sanduku la plaiwudi linalobeba miduara hiyo, na kitako chenye miguu mitatu ambacho sanduku huzunguka juu yake. Hesabu zote hapa zimechukua kioo cha sentimita 20 chenye umbali wa fokasi (kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa sentimita 120, bomba la upana wa nje sentimita 25 na urefu sentimita 120, bomba zima na vilivyomo likiwa na kilo 12, na mzigo wote juu ya kitako kilo 25.

Jua kwanza kinachotikisika

Wengi hukimbilia kuongeza uzito. Mara nyingine unasaidia, mara nyingine unaharibu, kwa sababu "kutikisika" ni jina moja la matatizo manne yasiyo na dawa moja. Elekeza darubini kwenye nyota angavu, kuza mara 100, kisha tazama bila kugusa kitu.

Nyota ikichemka na kuvimba pale pale ilipo, hiyo ni hewa ya juu. Hakuna ubao wala skurubu itakayoiponya. Punguza ukuzaji, basi.

Picha nzima ikitetemeka haraka kwenda na kurudi kila upepo unapokuja kwa kishindo, kisha ikatulia, muundo ni laini mahali fulani: ubao unapinda, mguu unalegea, bolti ina nafasi. Dawa ni kukaza na kuzima mtetemo.

Picha ikihama taratibu upande mmoja na isirudi, upepo unalisukuma bomba na msuguano haulishiki. Dawa ni msuguano zaidi, au bomba lisilompa upepo pa kushika.

Picha ikiruka ghafla na kubaki ilikoangukia, mara nyingi si upepo uliosogeza bomba. Ni kioo kikuu kinachoteleza katika kitanda chake, au kishikio cha lenzi ya jicho chenye skurubu iliyolegea. Vibanio vya kioo viache nafasi ya unene wa karatasi tu kati yao na kioo. Vikibana, kioo hupinda na nyota huwa na pembe. Vikiachia milimita moja, kioo hutembea.

Baada ya hapo fanya jaribio la kugonga. Gonga mdomo wa bomba kwa kidole, kidogo tu, huku unatazama nyota, na uhesabu mpaka itulie. Chini ya sekunde moja ni nzuri sana. Sekunde mbili zinavumilika. Ikifika tatu au zaidi kuna kiungo kibovu, na njia ya kukitafuta ni hii: mwenzako abane kwa mikono miwili sehemu moja baada ya nyingine (ubavu wa sanduku, kona, kitako, shingo ya kishikio cha lenzi) wakati wewe unagonga tena na tena. Pale ambapo kubana kunafupisha muda, ndipo penye udhaifu. Andika namba ya kila jaribio, la sivyo hutajua kama ulichofanya wiki ijayo kimesaidia au kimekufurahisha tu.

Ukubwa wa tatizo usikushangaze. Mdomo wa bomba ukisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, mita moja kutoka kwenye mhimili (kati ya miduara, bomba linapoinamia), picha imehama sekunde 20 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao), yaani karibu nusu ya upana wa Mshtarii. Ukikuza mara 100, jicho linauona msogeo huo kuwa mpana kuliko Mwezi unavyoonekana bila darubini. Kwa hiyo "inaonekana imara" ukiitazama mchana haina maana yoyote.

Kinga ya upepo kabla ya seremala

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Ukuta mzima, au turubai lililotandazwa, unaonekana kuwa kinga bora. Sivyo. Upepo ukigonga kitu kisichopenya huruka juu yake kisha huanguka nyuma kwa mizunguko, na mizunguko hiyo ndiyo inayotikisa kuliko upepo ulionyooka. Kinga inayopitisha kiasi, ambayo karibu nusu yake ni matundu, hupunguza kasi bila kuzalisha mizunguko mikubwa. Makuti ya kumba yaliyosukwa kwa kulegea yanafaa kabisa. Nyavu za matundu madogo zikipangwa tabaka mbili au tatu zinafaa pia, vilevile neti ya kivuli inayouzwa kwa bustani.

Turubai lina ubaya wa pili. Eneo la mita 4 kwa mita 1.5, kwenye upepo wa mita 8 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20. Nguzo ikiachia, turubai linalala juu ya darubini.

Vipimo: urefu wa kwenda juu sentimita 150, upana mita 4 au zaidi, umbali wa mita 2 hadi 3 kutoka kwenye darubini, upande wa joshini, yaani upepo unakotoka. Upinde kidogo, ncha mbili zielekee kwako, ili upepo unaozungukia pembeni usiingie. Tumia nguzo za boriti nyembamba zilizozama ardhini sentimita 50, moja kila mita 1.3, na kila nguzo ivutwe kwa kamba hadi kwenye kigingi upande wa joshini. Makuti yafungwe yakazwe. Kuti linalopigapiga ni baya kuliko kutokuwa na kinga, kwa sababu linapeleka mishtuko ya mfululizo kwenye ardhi na kwenye hewa.

Je, kinga itaziba anga? Mhimili wa bomba ukiwa sentimita 70 kutoka chini, na kinga ya sentimita 150 ikiwa mita 2.5 mbele, kinachopotea ni nyuzi (digrii) 18 za chini tu. Msimu wa kusi kinga hukaa kusini-mashariki. Msalaba wa Kusini, ambao Mei na Juni mwanzo wa usiku unakuwa juu kabisa katika njia yake, unafika nyuzi 35 hivi kwetu. Unapita bila shida.

Gari nalo ni kinga, ila upepo hupenya chini ya tumbo lake na injini yenye moto hupandisha hewa inayochemsha picha. Liegeshe saa nzima kabla, uvungu uzibwe kwa magunia. Kanga iliyoshikwa na watu wawili isitumike, inapiga.

Sanduku na kitako

Hapa ndipo darubini nyingi za kujitengenezea huanguka. Fundi wa makabati huunda sanduku zuri la kabati: mbavu mbili, sakafu, na ubao mfupi mbele. Kabati halisukumwi na upepo juu ya shingo yake.

Unene wa ubao una hesabu ambayo haionekani kwa macho: ugumu wa kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene, yaani unene mara unene mara unene. Plaiwudi ya milimita 18 si bora kidogo kuliko ya milimita 12. Ni ngumu mara tatu na zaidi. Kwa hiyo mbavu na sakafu ziwe za milimita 18. Ukiwa tayari una sanduku la milimita 12, usilitupe: gundisha mbao za kusimama za sentimita 5 kwa 2.5 nje ya kila ubavu, wima, moja mbele na moja nyuma. Mfenesi unafaa, mkongo unafaa, mradi iwe kavu.

Kisha:

1. Ubao wa mbele uwe mrefu kadiri bomba linavyoruhusu likilala. Huu ndio unaozuia mbavu zisiyumbe kushoto na kulia. Usipokuwepo, au ukiwa wa kupachikwa kwa misumari minne, sanduku zima hucheza kama umbo la pande nne linaloegemea upande.

2. Nyuma, mahali ambapo ubao mzima ungezuia bomba kusimama wima, weka pembetatu mbili za plaiwudi kwenye kona za chini, kila upande sentimita 15. Zishikwe kwa gundi na skurubu, si kona za chuma peke yake. Kona za chuma hupinda, na chumvi ya bahari huzila.

3. Kila kiungo kiwe na gundi isiyoyeyuka kwa maji. Skurubu huvuta mbao zikutane wakati gundi inakauka. Kazi ya kushika ni ya gundi. Kiungo cha skurubu tupu hulegea plaiwudi inapovimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi. Tumia skurubu za shaba au zisizoshika kutu.

4. Kingo zote za plaiwudi zipakwe vanishi mara tatu. Maji huingia kwenye kingo, si kwenye uso.

Kitako kina kanuni moja inayozidi zote: vile vipande vitatu vya kutelezea vinavyobeba sanduku viwe juu kabisa ya miguu mitatu, mhimili kwa mhimili. Vikiwa katikati na miguu ikiwa pembeni, ubao wa kitako hugeuka springi, na hakuna uzito utakaoutuliza. Ukikuta darubini inayotikisika kwa sekunde nne licha ya sanduku zuri, pindua kitako utazame hili kabla ya jingine lolote.

Miguu iwe mitatu. Minne haikai sawa kwenye ardhi ya mawe, na mmoja utakuwa hewani daima. Isukume hadi ukingoni kabisa mwa kitako. Bolti ya katikati iwe ya milimita 12 na tundu lake liingie kwa kukaza. Tundu likipanuka, sanduku litahama kila upepo unapogeuka. Tia ndani yake kipande cha bomba dogo la plastiki gumu liwe bushi. Nati ikazwe mpaka mwanzo wa kugusa tu, kisha ifungwe na nati ya pili.

Upepo unaposhinda msuguano

Bomba ni tanga. Ila si ukubwa wote wa tanga unaolizungusha, ni tofauti kati ya sehemu iliyo juu ya mhimili na iliyo chini yake. Kwa kuwa kioo ni kizito, mhimili huangukia chini, tuseme sentimita 40 kutoka mkiani, na sentimita 80 zikabaki juu. Upepo unasukuma pande zote mbili, lakini ule mkono mrefu unashinda.

Upepo wa mita 5 kwa sekunde, unaochezesha majani bila kupumzika, hukandamiza kila mita ya mraba kwa niutoni 15 hivi (niutoni kumi ni karibu uzito wa kilo moja). Mita 8 ni karibu 38. Mita 10 ni 60: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa bomba letu, nguvu ya kulizungusha (niutoni mara urefu wa mkono kwa mita) inakuwa niutoni-mita 0.9 kwa mita 5, 2.3 kwa mita 8, na 3.6 kwa mita 10, kwa makadirio.

Upande wa pili wa mzani ni msuguano. Miduara ya upana wa sentimita 20, ikikalia vipande vya Tefloni, plastiki nyeupe inayoteleza, vilivyopishana nyuzi 70, chini ya kilo 12, hushika kama niutoni-mita 2.2. Maana yake mita 8 kwa sekunde zinatosha kulisogeza bomba. Ukibadilisha miduara ikawa ya sentimita 30, msuguano unafika 3.2 na bomba hubaki mahali pake mpaka mita 9 na zaidi. Miduara mikubwa, kwa hiyo, ndiyo dawa safi kuliko zote: inaongeza kushika bila kufanya kusukuma kwa mkono kuwe kwa kigugumizi. Ikate kwa plaiwudi ya milimita 18, ukingo uvishwe ukanda wa fomaika.

Vipande vya kutelezea vina siri yake. Tefloni ikibanwa sana huteleza zaidi, ikibanwa kidogo hushika. Kipimo cha kawaida ni kilo moja kwa kila sentimita ya mraba: vipande vitatu vya kitako viwe sentimita 3 kwa 3, na vinne vya juu sentimita 2 kwa 2. Kwa mahali penye upepo ongeza eneo, hadi sentimita 3 kwa 3 hata vile vya juu. Tefloni ya unene wa milimita 3 hadi 6 isipopatikana, kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama hufanya kazi. Kinashika zaidi mwanzoni, jambo ambalo kwa darubini ndogo ni afadhali. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ni Tefloni kweli, lakini ni nyembamba mno. Inachanika usiku wa kwanza. Na usipake nta popote.

Usivuke mpaka, hata hivyo. Nyota husogea digrii moja kila dakika nne, na ukikuza mara 100 kitu hupita katika uwanja wa lenzi kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo mkono wako unasukuma kila mara. Msuguano ukizidi, bomba hukwama, kisha huruka kupita ulipotaka. Ukivuta mdomo wa bomba kwa mizani ndogo ya springi, uanze kusogea kati ya gramu 300 na 500. Chini ya hapo upepo utacheza nalo. Juu ya hapo wewe ndiye utakayelitikisa.

Kwa usiku mbaya, funga breki ya muda: ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana sentimita 3, upite juu ya mduara mmoja, ncha moja ikiwa imepigiliwa kwenye sanduku na nyingine ikishikwa na ndoano. Ukivuta tundu moja zaidi unaongeza kushika. Upepo ukilegea unaondoa.

Kuzima mtetemo

Muundo mgumu hutetemeka haraka na kwa kiasi kidogo, lakini bado hutetemeka. Kinachomaliza mtetemo ni kitu kinachokula nguvu zake, na mpira ndio wa kwanza.

Chini ya kila mguu weka kipande cha tairi kuukuu, ubavu wa tairi na si uso unaokanyaga, unene wa milimita 8 hadi 10, upana sentimita 6. Kibandike juu ya kibao cha sentimita 20 kwa 20 ili mguu usizame. Ole wako ukiweka sponji au ndara mbili mbili! Kitu laini sana hubadilisha mtetemo wa haraka kuwa myumbo wa polepole, na huo hauishi. Jaribio la kugonga litakuambia: likirefuka baada ya kuweka mpira, mpira ni laini kupita kiasi.

Uzito sasa. Uzito ukiwa chini, juu ya kitako karibu na miguu, unazuia kuinuka na kuyumba. Dumu la lita 10 la maji kila upande wa kitako linatosha. Uzito ukiwa juu, kwenye mdomo wa bomba, unapunguza kasi ya mtetemo na kuurefusha. Kwa hiyo ile darubini ndogo ya kulengea iliyo nzito kuliko inavyohitajika, betri iliyofungwa shingoni, na kifuniko kinachoning'inia viondoke. Kisha sogeza mhimili ulingane upya.

Bomba lenyewe

Bomba la mraba la plaiwudi ni rahisi kuunda na linakamata upepo zaidi kuliko la mviringo lenye upana uleule. Kukata pembe likawa na pande nane kunasaidia kwa kiasi cha kuonekana. Mdomo usirefushwe bila sababu. Ile shingo ya ziada ya kuzuia mwanga, ambayo mjini ina maana, kwa aliye shamba gizani ni mkono mrefu zaidi kwa upepo tu.

Fimbo nane za alumini badala ya bomba zima zinasifiwa kuwa hazina upepo. Piga hesabu: fimbo nane za milimita 25, urefu sentimita 80, zina eneo la mita za mraba 0.16. Bomba la sentimita 25 kwa urefu uleule lina 0.20. Umepunguza moja ya tano, na ukizivisha kitambaa cheusi kuzuia umande umerudi ulikotoka, tena kwa kitambaa kinachopiga. Fimbo zina faida ya usafiri. Kwa upepo, faida ni ndogo.

Kioo cha mshazari kilicho mdomoni, kile kidogo kinachopeleka picha kwenye lenzi ya jicho, kinashikwa na vibati vyembamba. Vikilegea huimba kwenye upepo na kila nyota inakuwa mbili, hata kama sanduku ni mwamba. Vikaze kutoka nje ya bomba kwa nati, pande zinazokabiliana kwa zamu, mpaka kibati kikigongwa kwa ukucha kitoe mlio mfupi mkavu.

Ukiwa na miguu mitatu mirefu badala ya sanduku

Fupisha miguu. Kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha urefu: mguu uliofupishwa kwa moja ya tano hupinda nusu tu ya mwanzo. Keti kwenye kigoda. Miguu ya bomba la chuma ijazwe mchanga mkavu, ambao husugua na kula mtetemo, lakini mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara tatu na kukaushwa juani kwanza, la sivyo chumvi itakula bomba kwa ndani bila wewe kuona. Ndoo ya mchanga ikining'inizwa katikati iguse ardhi kidogo. Ikielea, upepo utaibembea.

Mahali na namna ya kutazama

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani kwa mfano, hupokea upepo wa kusi bila kizuizi. Msimu huo ni bora kuhamia upande wa magharibi, au ndani nyuma ya minazi. Pemba ina vilima na mabonde ya kujificha, na mstari wa mikarafuu ni kinga nzuri: kwa miti ya mita 12, simama mita 60 kutoka kwao upande wa demani, yaani upepo unakokwenda. Kinga bado ipo hapo, na miti inakula nyuzi 11 tu za anga.

Ardhi ya mawe ya uwandani ni bora kuliko zote kwa miguu ya darubini. Udongo mgumu unafuata. Juu ya paa la zege la ghorofa kila hatua ya mtu inaonekana kwenye lenzi, na zege hutoa joto lake hadi saa tano usiku. Mchanga wa pwani uliolowa ni mgumu na unavutia, ila angalia bamvua: maji hayatakungoja ufungue bolti.

Kwa upepo mkali, chagua vitu vilivyo upande upepo unakokwenda. Bomba linaloelekea huko linaonesha mkia wake tu. Kusi ikivuma, tazama anga la kaskazini-magharibi. Wakati wa kaskazi, kusini-magharibi. Bomba linaloelekea upepo unakotoka pia lina eneo dogo, lakini upepo huingia mdomoni na kutikisa kioo cha mshazari.

Utosini ndiko kubaya zaidi, na hapa kwetu utosini kuna mambo. Wingu la Orioni, wingu la gesi lililo kati ya nyota, hupita chini ya digrii moja kutoka utosini mjini Unguja, na Chake Chake linapita utosini hasa, mwishoni mwa Januari saa tatu usiku, kaskazi ikiwa katika nguvu zake. Bomba likisimama wima linampa upepo ubavu wote, na kulizungusha kushoto au kulia hakusogezi picha ipasavyo. Litazame dakika 40 kabla au baada ya kufika juu, likiwa limeinama nyuzi 10. Geuza mwili wako ukae joshini. Mgongo wa mtu mzima ni kinga ya bure kwa mdomo wa bomba.

Anza na lenzi ya kukuza mara 40 au 50. Msogeo uleule unaoharibu picha kwa mara 150 hauonekani kwa mara 50, na Kilimia na makundi mengine ya nyota yanapendeza zaidi hivyo. Panda mara 100 upepo unapolegea, na mara nyingi hulegea usiku wa manane. Weka mkono mmoja kwenye sanduku, kamwe si kwenye kishikio cha lenzi, na subiri vituo kati ya kishindo na kishindo: sekunde tatu za picha iliyotulia zinaonesha zaidi ya dakika kumi za kuhangaika.

Baada ya masika, kabla ya msimu kuanza, kaza upya bolti ya katikati na nati za vibati, sugua chumvi kwenye fomaika kwa kitambaa chenye maji baridi, na urudie jaribio la kugonga ulinganishe na namba uliyoandika.